Majina Yaliyoishia kwa Somoe

Siku ya kwanza kwenda kazini nilivaa viatu vya dada yangu, vikubwa kwangu, nikatembea kutoka mtaani kwetu Rahaleo, hapa Mtwara, hadi ofisi ya mradi wa mikorosho nikiwa nimekunja vidole ili visinivuke. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kusomea kompyuta, mwaka mmoja tu, na kichwani nilikuwa na picha ya chumba kizima cha mitambo. Nikaonyeshwa meza moja. Juu yake palikuwa na mashine moja, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, kama redio ya sebuleni.

"Ndiyo hiyo," alisema Meneja wa Mradi. "Ina miezi mitatu hapa. Hakuna aliyeigusa. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Meneja alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, asiyefungua barua hata moja asubuhi kabla ya kusali. Alisema Kiswahili taratibu, neno baada ya neno, na hakuwahi kunipandishia sauti, jambo ambalo baadaye nililiona zito kuliko kufokewa.

Vijana mnaosoma haya mna simu mfukoni yenye nafasi kubwa kuliko mashine ile mara maelfu. Kwa hiyo nieleze kidogo. Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka vitu. Kuna diski, ambako vitu vinakaa hata umeme ukikatika. Halafu kuna kumbukumbu, ambako mashine inavitandaza vile inavyovifanyia kazi saa hiyo. Diski yetu ilikuwa kubwa ya kutosha. Kumbukumbu ilikuwa kilobaiti mia sita na arobaini, na programu yenyewe ilikuwa ikila sehemu yake kwanza. Katika maisha yangu yote ya kazi, miaka thelathini na ushei, tatizo langu lilikuwa hilo moja: vitu vingi kuliko mahali pa kuvitandaza.

Kazi niliyopewa ilikuwa orodha ya wakulima. Mikorosho ina ugonjwa unaoitwa ubwiriunga, ukungu mweupe unaoshika maua machanga na kuyakausha kabla hayajafunga korosho. Dawa yake siku zile ilikuwa salfa ya unga, na unga huo lazima upulizwe maua yanapoanza tu kutoka. Ukichelewa wiki mbili, umepuliza maiti. Mradi ulikuwa umeleta salfa kwa ajili ya vijiji kuanzia mjini hadi ukingo wa Ruvuma, na kila mkulima alitakiwa kupata mifuko kulingana na mikorosho yake. Orodha zilifika kutoka vijijini zimeandikwa kwa mkono, kila katibu wa kijiji na mpangilio wake. Wengi walikuwa na mashamba katika vijiji viwili na walikuwa wameandikwa mara mbili. Ilibidi majina yote yapangwe kwa alfabeti katika orodha kuu moja, wanaojirudia waonekane, kisha kutoka humo nichape orodha ya kila kijiji.

Makarani wawili nami tuliingiza majina mwezi mzima. Nikaandika programu ya kuyapanga, kama nilivyofundishwa: soma majina yote, yaweke kwenye kumbukumbu, yapange, yatoe. Nikaiwasha. Ikasoma, ikasoma, halafu ikaandika kwa Kiingereza kwamba kumbukumbu haitoshi, ikanyamaza.

Nilijaribu kubana. Nikakata majina ya baba, ibaki herufi ya kwanza tu. Majina yakaingia kidogo zaidi, lakini akina Hamisi M. wote wa wilaya wakawa mtu mmoja mwenye mikorosho mingi kama msitu. Meneja akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Tukiagiza kumbukumbu ya kuongeza?"

"Itatoka Dar es Salaam, bwana Meneja. Na sina hakika kama mashine hii itaikubali."

Akatazama dirishani. Barabara ya kusini siku zile, mvua ikinyesha, unaweza kuagiza kitu leo ukakisahau. "Maua hayatasubiri," akasema, akaondoka.

Aliyenisaidia ni mtu ambaye sikutarajia. Kulikuwa na Mkuu wa Masijala, yaani msimamizi wa chumba cha kutunza mafaili, Mmakua wa upande wa Masasi, mzee mwenye mvi zilizochongwa vizuri na kalamu tatu mfukoni. Tulimwita Mzee Masijala. Yeye alikuwa na kadi za wakulima wa miaka ya nyuma katika masanduku ya mbao, na kila mtu ofisini alijua kwamba mashine yangu imeletwa ili masanduku yale yafungwe. Yeye pia alijua. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mzee," naye aliitikia "Marahaba" bila kuinua macho.

Siku hiyo nilikwenda masijala kuomba orodha moja iliyochanika ukurasa. Nikamkuta anapanga kadi mpya za vijiji vitano. Meza yake ilikuwa ndogo, kiasi cha mkeka wa kusalia. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Alikuwa ameshapanga kila kijiji peke yake, mafungu matano, akayaweka mbele yake yameelekea juu. Macho yake yalipita juu ya kadi tano za juu tu. Akachukua Abdala, akamweka pembeni. Kadi iliyokuwa chini ya Abdala ikajitokeza. Akatazama tena zile tano. Akachukua Adinani. Hakugusa katikati ya fungu lolote.

"Mzee," nikasema, "huwa huzitandazi zote?"

Kwa mara ya kwanza aliniangalia. "Nizitandaze wapi? Meza yangu ndiyo hii. Nimeajiriwa nayo, na sijawahi kuomba kubwa."

Nikakaa kwenye sanduku tupu, nikamwomba aendelee. Nilikaa hapo mpaka adhana ya adhuhuri. Alipoinuka kwenda kuswali alisema, "Sasa umepata ulichofuata?" Hakumaanisha ukurasa uliochanika.

Nilikimbia na viatu mkononi. Programu mpya niliiandika kwa siku nne. Ilisoma majina kiasi cha kujaza kumbukumbu, ikayapanga hayo, ikayaandika kwenye diski kama fungu. Ikasoma mengine, fungu la pili. Hivyo hivyo hadi mwisho. Baadaye ikafungua mafungu yote kwa pamoja na kuweka kwenye kumbukumbu jina la kwanza tu la kila fungu, ikachagua linalotangulia kwa alfabeti, ikaliandika, ikavuta linalofuata. Mashine ndogo ile ikapanga wilaya nzima bila kulalamika. Mwanga mwekundu wa diski ulikuwa ukipepesa asubuhi hadi saa tisa alasiri, nami nimekaa mbele yake kama mama anayesikiliza mtoto akipumua.

Meneja alitaka orodha Ijumaa. Alhamisi printa ililia kutwa nzima, karatasi zikijikunja sakafuni. Nikafunua kurasa za mwanzo: safi. Nikafunua katikati: safi. Ukurasa wa mwisho wa orodha kuu sikuufunua. Malori ya salfa yaliondoka Jumamosi, Mabwana Shamba wakiwa na orodha zangu, na Meneja alinipa mkono mbele ya watu.

Siku ya tisa alikuja mama mmoja kutoka Msimbati. Alikuwa amepanda gari la nazi, kanga yake ina vumbi, mkononi ana daftari la shule lililokunjwa. Alisema anataka mtu wa orodha. Wakamleta kwangu.

"Wewe ndiye?"

"Mimi, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. "Mimi naitwa Zaituni. Nina mikorosho sabini. Bwana Shamba kasoma orodha, mimi simo. Nikasema labda nimesahauliwa, mtu husahauliwa. Lakini tuliokosa tulikaa pamoja pale kwenye benchi la ofisi ya kijiji, tukawa tunaulizana majina." Akafungua daftari. "Sulemani. Tatu. Tatu mwingine. Twaha. Wadhiha. Yusufu. Zainabu. Mimi. Zuhura. Mtu wa mwisho aliyepata ni Somoe wa Fundi Bakari. Sasa, mwanangu, mimi nimesoma kisomo cha watu wazima. Alfabeti ninaijua. Nimekuja kuuliza: herufi zenu ziliishia wapi?"

Sikuhitaji kuwasha mashine. Nilijua papo hapo nilichokifanya, kwa jinsi mtu anavyojua ameacha moto jikoni. Nilikuwa nimeiambia programu: ukifika mwisho wa fungu, funga kazi. Fungu, lolote lile. Fungu la mwisho lilikuwa mabaki tu, majina machache ya kijiji kimoja, na jina lake la mwisho lilikuwa Somoe. Lilipokwisha, programu ilifunga milango yote, na mafungu mengine yalikuwa bado yana watu ndani. Mzee Masijala fungu lake moja likiisha angeendelea na manne yaliyobaki. Nilikuwa nimeondoka kwake kabla sijaona fungu hata moja likiisha.

Wote kuanzia Sulemani hadi Zuhura, katika kila kijiji, mjini hadi Ruvuma, walikuwa wameachwa.

Nilimwomba Mama Zaituni anisubiri, nikaingia kwa Meneja. Nikamweleza nikiwa nimesimama.

"Ni mashine," akauliza, "au ni wewe?"

Ningeweza kusema ni mashine. Hakuna mtu pale ambaye angejua.

"Ni mimi."

Alifunga faili lililokuwa mbele yake. Kisha akasema, "Nimekupa mkono mbele ya watu. Nitawaambia watu hao hao. Sasa niambie tunafanya nini leo, kesho usiniambie."

Kurekebisha programu hakukuwa kazi, mistari mitatu. Lakini kuyaunganisha upya kulihitaji siku nzima ya diski, kisha kuchapa, na baada ya lile lililotokea hakuna aliyekuwa tayari kutuma karatasi yangu peke yake. Nilipotoka ofisini kwa Meneja nilimkuta Mzee Masijala kwenye ukumbi. Alikuwa amesikia; kuta zile zilikuwa za mbao. Nilitarajia aseme neno, na alikuwa na haki nalo. Alisema, "Mwite yule mama aje masijala. Anasoma vizuri."

Wakafungua masanduku. Mzee alitoa kadi kutoka S hadi Z, akalinganisha na orodha za mkono za mwaka ule, Mama Zaituni akimsomea, makarani wakiandika. Mimi chumba cha pili nilikuwa nasikia sauti yake, "Twaha Saidi, Kitaya. Twaha Selemani, Mahurunga," na chini yake mlio wa diski yangu. Kesho yake jioni orodha mbili zilikuwa mezani. Tukazisoma pamoja, mstari kwa mstari. Yangu iliishinda yake kwa majina manne, ambayo kadi zake hazikuwa nayo na macho yalikuwa yameyaruka kwenye orodha za mkono. Yake iliishinda yangu kwa jina moja, ambalo karani wangu alikuwa ameruka wakati wa kuingiza. Mzee aliweka kidole hapo, akanipa kalamu niandike.

Malori yalirudi vijijini. Wakulima wa vijiji vya juu walipata kwa wakati. Wa chini, kando ya mto na pwani, ambako maua yalitangulia, wengine dawa iliwafikia imechelewa.

Mwezi uliofuata niliomba kwenda Msimbati na Bwana Shamba. Mama Zaituni alitupokea uwanjani, akanipeleka moja kwa moja shambani. Mikorosho ya upande wa bara ilikuwa imefunga. Ile ya upande wa bahari, karibu nusu ya sabini zake, ilikuwa na maua meusi. Akavuta tawi moja chini.

"Shika."

Nikashika. Yalivunjika vidoleni kama majani ya chai.

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Nimeona umekuja." Akaliachia tawi. "Mwingine angemtuma huyu Bwana Shamba. Twende, kuna muhogo na samaki, mle kabla gari halijarudi." Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Lakini kwa miaka mingi baadaye, kila akija mjini, alipitia Rahaleo kunisalimia, na mtaa mzima aliwaambia mimi ndiye "Bi Kompyuta aliyenipoteza."

Mwaka ule ule masijala ilifungwa. Mzee alistaafu miezi sita kabla ya wakati wake. Siku ya kumuaga, Meneja alisoma hotuba ya kurasa mbili, na mzee alijibu kwa sentensi moja, akashukuru. Mimi nilibeba masanduku yake hadi stoo. Nilimwambia najiona kama niliyemtoa kazini. Akasema, "Kazi imebaki hapo hapo. Mimi ndiye ninayekwenda." Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi na bado sijui kama lilikuwa la kunifariji. Nilimpenda mzee yule, na chombo nilichokiendesha kilimwondoa. Yote mawili ni kweli.

Mradi ulipomalizika nilichukuliwa na kampuni moja ya kutoa mizigo, kazi yangu ikawa kwenye Bandari ya Mtwara. Mkuu wangu pale tulimwita Mkuu wa Zamu, mwanamke mnene mwenye filimbi shingoni, mke wa mwalimu kutoka Iringa. Kompyuta zilikuwa zimekua, kumbukumbu mara kumi ya ile ya kwanza, lakini shehena nayo ilikuwa imekua. Msimu wa korosho, orodha ya magunia na makontena haikuingia tena kwenye kumbukumbu. Na pale haikuwa kupanga tu, ilikuwa kutafuta. Dereva amesimama dirishani na namba, lori linanguruma, nyuma yake malori arobaini.

"Bi Kompyuta," Mkuu wa Zamu aliniambia wiki ya kwanza, "programu yako inasoma orodha tangu Adamu kila dereva akiuliza. Mimi ningekuwa nimeshafika getini na kurudi."

Ndipo nikajenga fahirisi. Fahirisi ni orodha ndogo inayosema kitu kimekaa wapi, kama ile ya nyuma ya kitabu. Mzigo wenyewe unabaki kwenye diski. Kwenye kumbukumbu unaweka fahirisi tu, na fahirisi yenyewe ikiwa kubwa, unaiwekea fahirisi nyingine juu yake. Dereva akitaja namba, mashine inagusa diski mara tatu au nne, basi. Siku tulipoiwasha Mkuu wa Zamu alipuliza filimbi ndani ya ofisi, na mimi nilicheka hadi machozi. Miaka kumi na minne nilikaa pale. Hata sasa nikiwa nyumbani, harufu ya maganda ya korosho kwenye magunia ikinijia, huwa inanitia njaa ya kazi.

Kituo cha mwisho kilikuwa ofisi ya mazingira, wakati gesi ya Mnazi Bay imeshaanza kuleta wageni na barabara. Tulikuwa tukipima mikoko ya mlango wa Ruvuma kwa picha zinazopigwa kutoka angani. Mkurugenzi aliniweka pamoja na Neema, mhandisi wa Mbeya, mwanamke wa umri wa binti yangu wa kwanza, aliyejua mambo ambayo mimi sikuwahi kusikia. Alifungua picha ya mto mzima kwenye mashine mpya yenye kumbukumbu nyingi, na mashine ikaganda, kishale hakisogei. Alinigeukia kwa aibu.

"Mama, nilidhani hii ingetosha."

"Tangu nianze kazi," nikamwambia, "haijawahi kutosha. Ukinunua kubwa, watakuletea picha kubwa zaidi."

Tukaikata picha vipande vya mraba, tukasoma kimoja kimoja. Yeye ndiye aliyegundua shida ya mipaka: kisiwa cha mikoko kilichokatwa na mpaka wa vipande kilihesabiwa kuwa viwili. Kwa hiyo kila kipande tukakipa ukingo mdogo wa jirani yake. Mimi nisingeliona hilo. Nililiandika kwenye daftari langu kwa jina lake, na nilimwonyesha nilipoandika.

Siku yangu ya kustaafu ilikuwa Jumanne. Kulikuwa na keki, kanga mbili, na saa ya ukutani. Asubuhi hiyo mimi na Neema tulikuwa tumeanzisha kazi ya kupitia picha za miaka yote, mto ukihama njia yake, mikoko ikiufuata, kazi ya saa nyingi. Nilidhani itaisha kabla sijaondoka. Ilipotimia saa kumi jioni kazi ilikuwa imefika nusu tu. Mume wangu alikuwa nje anangoja, amevaa koti. Sikuwahi katika maisha yangu kuondoka na kuacha mashine inafanya kazi yangu ndefu bila mimi kuwapo. Nilikuwa kama mtu anayeamini kwamba akifumba macho chungu kitafurika. Neema alinishika bega. "Nenda, mama. Nipo."

Nikaenda.

Asubuhi ya Jumatano nilikuwa barazani nachambua mbaazi simu ilipolia.

"Mama, imefika mwisho," alisema Neema. "Haikukwama. Mto mzima, tangu picha ya kwanza."

"Na mikoko?"

"Imeongezeka upande wetu. Njoo siku moja uione."

Nikamwambia nitakuja. Mume wangu akauliza ni nani, nikasema ni ofisini. Akauliza kama wananihitaji. Nikafikiri kidogo, nikasema hapana, walitaka tu nijue. Akarudi kwenye redio yake, nami nikavuta ungo karibu. Mbaazi zilikuwa nyingi, na siku nzima ilikuwa yangu.